Mwalimu Taratibu na Mwanafunzi wa Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanafunzi wake mliojaa mpaka barabarani: familia imenituma mimi, mdogo wake wa kike, niwasomee maisha ya kaka yetu. Nimeombwa nisipunguze kitu. Nimeombwa pia nisiongeze, kwa sababu wananijua. Basi nitasoma mambo kama yalivyotokea, na mkiniona nasita, msidhani ni machozi peke yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba hii hii iliyo nyuma yangu, akiwa wa tatu kati ya watoto sita. Baba yetu alikuwa mwashi, mama yetu mshonaji. Tangu utotoni kaka alikuwa mtu wa kukaa pembeni na kuelekeza. Alipanga vigoda viwili barazani, akanikalisha mimi kwenye kile cha dereva, akanipa kifuniko cha sufuria kiwe usukani, kisha yeye akakaa kando yangu, mikono mapajani. Watoto wengine waligombania usukani. Yeye hakuutaka kabisa. "Taratibu," aliniambia. "Mbele kuna kuku." Nilipomgonga huyo kuku, ambaye hakuwapo, alininunia mpaka jioni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Kuanzia 1970 hadi 1972 alisomea umakanika katika chuo cha ufundi, ambako alijifunza kufungua injini na, jambo gumu zaidi, kuifunga tena bila kubakiza nati mfukoni.

Alifanya kazi miaka mitatu katika karakana ya mabasi, kisha mwaka 1976 akaajiriwa kuwa mwalimu wa udereva, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011. Kwa muda wote huo aliketi kiti cha abiria, mguu wake juu ya breki ya pili, ile anayowekewa mwalimu. Hapo ndipo alipopata jina la Mwalimu Taratibu. Hakupiga kelele na hakumvua mtu nguo mbele za watu. Watu wakikusanyika pembeni kumcheka mwanafunzi aliyezimikiwa na gari, alishuka akawafukuza kama mbuzi. "Msimtazame!" alisema. "Mnamharibia."

Alikuwa na utaratibu wake ambao wengi wenu mliupitia. Mtu akishafaulu mtihani, marehemu hakumhesabu kuwa amehitimu mpaka amrudishe mwalimu nyumbani. Katika somo hilo la mwisho alikunja miguu yote miwili upande wa mlango, mbali na breki, akaweka mikono mapajani, akanyamaza njia nzima. Mlipofika alisema maneno mawili matatu tu: "Tumefika. Zima gari." Kisha mkaingia ndani kunywa chai ya wifi yangu. Hakuna aliyehitimu kwa kaka bila kunywa ile chai.

Huyo wifi yangu naye alianza kama mwanafunzi. Somo la tatu waligombana kwa sababu ya klachi, akashuka katikati ya safari akaenda kwa miguu, na marehemu akamfuata kwa mwendo wa konokono, mlango umefunguliwa, akimbembeleza mpaka kwao. Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1979 na kujaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Udereva haukuzungumzwa tena kati yao. Mke wa mwalimu wa udereva hajui hata kuwasha gari, na tumemtania hivyo mpaka tumechoka.

Sasa nafika kwenye gari.

Mwezi Mei 2012, akiwa mstaafu asiyejua afanye nini na asubuhi zake, marehemu alisikia habari za gari la spoti la zamani, la viti viwili na paa la turubai, lililokuwa limefungiwa bandani kwa mzee mmoja mstaafu wa benki. Nilikwenda naye. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebadilika ikawa ya maini, matairi yamekaa chini, panya wamezaliana kwenye boneti. Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, kimekaribia kugusana na usukani.

"Lilikuwa la dada yangu," mzee alisema. "Alilinunua kwa jasho lake. Alikuwa anajifunza, akaugua kabla hajapata leseni. Mwalimu wake akaacha kuja."

"Alifika wapi?" marehemu aliuliza.

"Alifariki."

"Pole sana, mzee wangu. Lakini nauliza kwenye masomo. Alifika wapi?"

Mimi niliona aibu nikatazama pembeni. Mzee hakukasirika. Alisema, "Kurudi nyuma. Kurudi nyuma kulikuwa kunamshinda."

Kaka hakuuliza habari ya injini. Alilinunua siku hiyo hiyo. Nyumbani alimwambia mkewe, "Mtoto wa watu aliachwa katikati ya somo." Wifi alidhani ni masihara.

Alilitengeneza gari lile kidogo kidogo, kwa miaka. Aliliinua juu ya magogo, akashusha injini, akasafisha kabureta kwenye beseni la kufulia la wifi, na beseni likabaki la kabureta. Alipiga msasa kwa mkono, paneli moja baada ya nyingine. Alilainisha reli za kiti cha dereva zilizoshikwa na kutu, akakisukuma kiti nyuma, maana alikuwa mrefu kama mnavyomjua na magoti yake hayakupita chini ya usukani. Asubuhi akakikuta mbele. Akakisukuma tena, asubuhi kiko mbele. Kioo cha kati nacho kilikuwa kimeinamishwa kwa macho ya mtu mfupi. Alimshuku mkewe, mkewe akawashuku watoto waliokuwa wamekwishahama. Alileta pimamaji ya marehemu baba, akaiweka sakafuni, akakuta gereji imeinama kwa nyuma. Kiti kingeteleza chenyewe kingerudi nyuma, lakini hiki kilikuwa kinapanda.

Baada ya hapo hakukisukuma tena. Alihamia kiti cha abiria.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana wifi alimsikia anaongea gerejini. Alikuwa ameketi kwenye gari lisilo na injini wala magurudumu, mguu umenyooshwa mbele. "Kioo," alikuwa anasema. "Ishara. Haya, achia taratibu. Usiniombe radhi, hakuna aliyeumia. Tunarudia."

"Baba watoto, unaongea na nani?"

"Niko kazini, mama watoto," alisema. "Tafadhali usimtazame."

Wifi alirudi jikoni akanipigia simu. Nilimwambia ni uzee na upweke wa kustaafu. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya kusikia, na mwaka 2016 kaka aliponipa kazi ya kushona viti vya gari lile niliifanya kama kazi nyingine yoyote. Nilishona ngozi mpya ya kahawia, nikaivuta mpaka ikawa ngumu kama ngoma, nikaifunika nailoni, nikaifunga fundo, nikakataza mtu asiikalie. Niliporudi kukagua, nailoni haikuwa imeguswa. Fundo langu lilikuwa palepale. Chini yake ngozi ya kiti cha dereva ilikuwa imebonyea katikati. Nimeshona viti maisha yangu yote na najua alama ya makalio. Haya yalikuwa ya mtu mdogo kuliko mimi, na hapa hakuna mtu mzima aliye mdogo kuliko mimi.

"Kaka," nikasema, "nani kaikalia kazi yangu?"

"Mwanafunzi," akajibu, akaendelea kukaza nati. Alikuwa anafunga breki ya pili upande wa abiria. Mwanawe alilalamika sana. "Baba, unaliharibu. Gari kama hili haliwekwi breki mbili." Marehemu alimwambia kwamba usalama hauna mapambo.

Injini iliwaka mwaka 2018. Mwanawe huyo huyo ndiye aliyelitoa kulijaribu, magoti yakimgusa kidevu. Alizunguka mtaa mara moja, akarudi, akashuka akiwa amebadilika rangi.

"Usukani unavuta," alisema.

"Unavuta upande gani?"

"Hauvuti upande, baba. Unavuta mikononi mwangu. Kama kuna mwingine kaushika."

Hajalipanda tena mpaka leo. Yupo hapa, muulizeni, lakini si leo.

Kisukari, ambacho marehemu alikuwa nacho kwa miaka mingi, kilianza kumla macho mwaka 2019. Alitibiwa kwa uangalifu, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Mwaka 2021 alirudisha leseni yake kwa hiari. Kufikia mwisho wa 2022 hakuweza kutofautisha dirisha na ukuta. Gerejini alikwenda kwa kupapasa, kila Jumapili, hakukosa. Mwezi Januari mwaka huu wa 2023 aliomba spana, akaifungua breki ya pili kwa kupapasa, akampa wifi aitupe.

"Ya nini kuitoa?" wifi aliuliza.

"Haihitajiki tena. Kurudi nyuma kumeingia."

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 11 Februari wifi alikuwa uani anaanika nguo aliposikia gari linawashwa. Halikushtuka wala halikuruka. Aliyeliwasha alijua klachi. Akadhani mwanawe amejipa moyo. Alipozunguka mbele alikuta gereji wazi, lango wazi, na kiti cha marehemu cha barazani kitupu.

Kutoka nyumbani kwake mpaka hapa kwa wazazi wetu ni mwendo wa saa nzima. Kuna mzunguko wenye magari mengi, kuna kivuko cha reli, kuna mlima. Muuza magazeti wa pale kwenye mzunguko ameulizwa. Gari alilikumbuka, jekundu, linang'aa, limetoa ishara vizuri. Dereva hakumkumbuka. Alisema, "Anayeendesha ovyo ndiye tunayemtazama."

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyelikuta, mbele ya nyumba hii, kati ya zile nguzo mbili za lango. Limeingizwa kinyumenyume, limenyooka, nafasi sawa kila upande. Injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa. Marehemu alikuwa kwenye kiti cha abiria, mkanda umefungwa, mikono mapajani, miguu yote miwili imekunjwa upande wa mlango. Alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuteseka.

Askari wa usalama barabarani aliyekuja kupima naye ni mwanafunzi wake. Alijaribu kuketi pale kwa dereva akashindwa. Alikitazama kiti, akatazama nguzo, akavua kofia. Aliandika kwamba dereva hajulikani, kisha akalia kama mtoto.

Tangu siku ile wifi yangu ameuliza swali moja tu, anamuuliza kila anayekuja kumpa pole: "Alikuwa peke yake?" Mchana na usiku, hilo hilo. Hakuuliza nani aliendesha. Kinachomuumiza ni kwamba waliishi pamoja miaka yote ile, halafu saa ile hakuwapo kumshika mkono. Watu wamemjibu kwamba Mungu alikuwa naye, na ni kweli, lakini nilimwona hatulii.

Jana nilitoka naye mpaka pale langoni. Nilifungua mlango wa dereva, nikaweka kiganja juu ya ngozi niliyoishona mwenyewe. Ilikuwa na joto. Jua halifiki pale, mnaona wenyewe kivuli kilivyo. Nikamwambia, "Wifi, hakuwa peke yake." Nilimwambia hivyo na mimi mwenyewe sijui kama aliyemleta kaka alimleta tu, au alimchukua. Ninaogopa. Nasema wazi mbele yenu nyote.

Yeye hakuogopa. Alifuta machozi kwa upande wa kanga, akasema, "Basi mtoto wa watu hajanywa chai."

Kwa hiyo familia inatangaza kwamba gari halitavutwa, ingawa watoto wameomba na kulia. Mama yao ameamua kurudi nalo nyumbani baada ya mazishi. Ameketi humo sasa, kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani, na ufunguo ameuacha mahali pake. Ninyi mnajua kwamba hajui kuendesha. Anasema hatakiwi kujua.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na sisi wadogo zake watatu. Ameacha wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu, na mmoja ambaye hatukuweza kumwona.

Mkisikia injini inawaka kabla sijakaa, tafadhali pisheni njia na mgeuze nyuso zenu huku kaburini. Msimtazame. Mnamjua marehemu, angewafukuza.

Kaka, umefika. Gari limezimwa. Pumzika kwa amani.