Mwenye Sita Ahamie Bonde la Majoka

Kijiwe chetu kiko Mtendeni, Tabora, kwenye baraza ya kibanda changu cha kunyolea. Mimi ndiye kinyozi. Wananiita Wembe, na si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya mdomo. Wenyeji wengine ni watatu. Twalibu fundi cherahani tunamwita Redio, kwa kuwa habari humfikia kabla haijatokea. Mussa tunamwita Bama. Alikwenda kupigana vita ya Wazungu huko Burma, akarudi na koti moja na hadithi mia. Mfaume ni muuza kahawa, na ndiye pekee asiye na jina la utani, maana ukimwudhi utakunywa maji. Basi asubuhi moja, miaka ile ya operesheni, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, tukakuta baraza yangu imechorwa. Sakafu nzima, toka ukutani mpaka ngazini, kwa chaki na udongo mwekundu uliokorogwa na maji, tena mahali pengine haujakauka. Milima, mito, misitu, mistari ya vyumba vidogo vidogo, na majina ambayo sijapata kuyasikia. Juu kabisa: BARA LA ZINDUNA. Na pembeni, kwa herufi za kutisha: MWENYE SITA AHAMIE BONDE LA MAJOKA.

Hakuna aliyethubutu kukaa. Mfaume tu ndiye aliyewahi mapema, kiza bado kipo, akatua jiko lake pale pembeni anapolitua siku zote bila kutazama chini. Sisi wengine tulisimama na vikombe mkononi kama watu waliofika matangani bila kuambiwa nani kafa.

Redio: Hii habari ninayo. Mikoa mipya.

Wembe: Umeipata wapi?

Redio: Ilisomwa jana, haraka haraka, baada ya matangazo ya vifo. Mikoa imegawanywa upya. Hii ndiyo ramani.

Wembe: Na serikali ikakosa ukuta wa kubandika, ikaja kuchora kwenye sakafu ya kinyozi?

Redio: Madaraka mikoani, bwana! Mambo yameletwa chini kwa wananchi. Chini zaidi ya sakafu unataka wapi?

Bama akakunja suruali, akachuchumaa, akafumba jicho moja.

Bama: Nipisheni. Ramani ni kitu cha askari. Hapa kaskazini... hapana, hapa. Kaskazini iko upande wa jiko.

Mfaume: Jiko langu liache lilipo.

Bama: Huu mstari mwekundu ni barabara. Na hivi vyumba hesabuni wenyewe. Kumi, halafu mlima. Kumi tena, halafu mto. Mnaona nini?

Wembe: Naona ndoo mbili za maji za kusafishia.

Redio: Nyumba kumi kumi! Wallahi, nyumba kumi kumi! Kila mstari ni balozi wa chama na watu wake. Wameshatupanga!

Mtu ukicheka chekacheka hivi, halafu ukaona nyumba kumi zimepangwa mstari mmoja, na mlima mwishoni, kicheko kinakauka chenyewe. Tulimgeukia Mfaume, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe toka Ujiji mpaka Bagamoyo, na njia ile Mfaume anaijua kwa majina kama wengine wanavyojua ukoo wao.

Mfaume: Baba alipita Uvinza. Akapita Tura, akapita Mpwapwa. Kila kituo aliniambia maji yake yana ladha gani. Bonde la Majoka hakunitajia.

Bama: Majina yalibadilishwa baada ya uhuru.

Mfaume: Na huu Msitu wa Wasiolala?

Bama: Kambi ya mgambo. Hawalali.

Mfaume: Bahari ya Maziwa?

Redio: Mradi wa ng'ombe wa kisasa. Wahenga walisema, tone na tone huisha gogo.

Wembe: Bandu bandu ndiyo huisha gogo. Tone hujaza ndoo.

Redio: Na maziwa yanakamuliwa kwa bandu? Acha ubishi, Wembe.

Mfaume: Sasa huyo mwenye sita, ni sita nini?

Swali hilo lilituingia. Redio akasema ni ekari. Mwenye ekari sita ni kabaila. Bama akasema ni medali, akazihesabu za kwake kwa vidole, zikawa nne, akashusha pumzi. Redio akahesabu cherahani zake, mbili, tena moja inashona kwa kuombwa. Naye akashusha pumzi. Mimi nilihesabu wembe, mikasi na vitana, na kila nilipofika tano niliacha kuhesabu. Mfaume alitazama vikombe vyake vya kahawa. Vilikuwa sita. Nilimwona kwa macho yangu akikitumbukiza kimoja mfukoni mwa kanzu, polepole, huku akitazama barabarani.

Mfaume: Lakini Sita si jina la mtu? Nina shemeji yangu Usinge anaitwa Sita.

Redio: Ndiyo hivyo! Mwenye Sita, yaani mwenye ndugu anayeitwa Sita. Mfaume, umekwisha.

Mfaume: Huyo shemeji hatusemezani toka kipupwe. Si wangu tena.

Tulicheka, na hapo ndipo mtu wa tano aliposema. Tulikuwa tumemsahau. Anaitwa Masele, mkulima wa kule Bukene. Alikuja kwa treni na mkewe, Bertila, mimba imemwendea vibaya, akalazwa hospitali. Uchungu ulimshika mama wa watu toka jana yake, na asubuhi hiyo Masele alikuwa amefukuzwa wodini kwa kuzunguka sana. Akaja kwangu kunyolewa, alisema hataki mtoto amkute na ndevu. Nusu ya kidevu nilikuwa nimeshaimaliza, mwenyewe amesimama, kabla mabishano ya ramani hayajatuvuruga.

Masele: Wazee wangu, sita hao hawawezi kuwa watoto?

Redio alikunywa kahawa iliyokwisha kikombeni.

Wembe: Wewe unao wangapi?

Masele: Nyumbani watano. Na huyu anayekuja.

Redio: Basi ni watoto. Bila shaka. Lazima iwe watoto.

Wembe: Redio, funga hiyo stesheni.

Masele: Mimi nilishahama, wazee. Mwaka jana tulivunja nyumba tukaenda kujenga kijijini, walipotuonyesha. Sikuleta maneno. Nyasi za paa mpaka leo hazijapoteza rangi. Mama aliniambia, Masele, safari hii nimekuja kwa magoti yangu, nyingine mtanibeba. Sasa nirudi nimwambie tunahama tena, tena kwa sababu ya mjukuu? Atamtazama mtoto kwa jicho gani?

Bama akamshika bega. Nia yake ilikuwa njema. Tatizo la Bama ni kwamba nia njema hutoka kwake ikiwa imevaa buti.

Bama: Usiogope, mwanangu. Majoka nayajua. Burma tuliona joka limemeza nyumbu pamoja na mizigo yake. Tulilikuta limelala, vikopo vya nyama vinalia tumboni.

Masele: Mungu wangu.

Bama: Lakini halidhuru mtu akiwa na familia kubwa. Linachanganyikiwa lianze na nani.

Redio: Majoka gani! Majoka ni matrekta. Yana moshi, yananguruma, yanatambaa. Masele anakwenda kuwa dereva. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wembe: Hapo nani mgeni, nani kapona?

Redio: Trekta ndilo mgeni.

Mfaume: Mimi nasema yamefugwa. Serikali itauza ngozi nje. Joka moja, mikoba ya mji mzima wa Ulaya. Na wa kuyalisha ni hao wenye watoto wengi, kwa sababu mikono ipo.

Masele alikuwa amesimama mkabala na ngazi, na nyuma ya visigino vyake ndipo hilo bonde lilipochorwa: duara la udongo mwekundu, bado bichi, lenye vichwa vitatu vya nyoka wenye mabawa. Alikuwa hayatazami majoka. Alikuwa anatazama barabara ya hospitali. Nikajua kwamba mtu huyu anaogopa vitu viwili kwa pamoja, na kile kikubwa hawezi kukitaja, ndiyo maana ameshikilia kile cha kijinga. Nikachukua sabuni nimalizie kidevu.

Ndipo tukamwona Apolinaria anakuja. Huyo ni mdogo wake Bertila, ndiye aliyekuwa akilala hospitali kumwuguza. Alikuwa anatembea mbio, kitenge kimoja kiunoni, kingine begani. Masele aliutoa mkono wangu usoni, povu bado limemjaa shavu moja.

Apolinaria: Shikamooni, wazee.

Sote: Marahaba, marahaba.

Masele: Shemeji. Bertila?

Apolinaria: Mzima.

Masele: Mzima kweli?

Apolinaria: Anadai uji. Amemgombeza nesi kwa kuwa uji hauna sukari.

Masele: Basi ni mzima. Na mtoto?

Apolinaria: Watoto, shemeji. Pacha, Kulwa na Doto. Wa kike na wa kiume. Wote wanalia, hakuna anayempisha mwenzie.

Masele alifunika uso kwa mikono yote miwili, na povu likamtoka katikati ya vidole. Alilia, tena kwa sauti, na sisi tulimwacha alie. Mfaume alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanzu akisingizia moshi, na jiko lilikuwa halina moshi. Mimi nilijisikia mwepesi, kana kwamba na mimi nilikuwa na mtu wodini. Kisha Redio akaruka.

Redio: Watano na wawili ni saba! Amepita! Mwenye sita ahame, yeye ana saba! Amelivuka bonde lote kwa hatua moja!

Mfaume: Alhamdulillahi! Doto amemwokoa baba yake!

Bama: Subirini. Kulwa alitangulia.

Redio: Kila Kulwa hutangulia. Ndiyo maana ya Kulwa.

Bama: Basi kati ya Kulwa na Doto, mtu huyu alikuwa na watoto wangapi?

Redio alihesabu kwa midomo.

Redio: Sita.

Bama: Kwa muda mdogo, lakini alikuwa nao. Sheria haikusema awe nao kwa muda gani.

Wembe: Bama, Wajapani walikuacha hai makusudi.

Apolinaria alikuwa anatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba akakuta wenyewe wanakula majani.

Apolinaria: Shemeji anahamishwa?

Redio: Ramani ndiyo inasema, mwanangu. Soma pale. Mikoa mipya hiyo.

Apolinaria alisoma. Akaipanda ngazi, akapita ukingoni taratibu, akaikagua Milima ya Radi, akaizunguka Bahari ya Maziwa, akafika mpaka miguuni kwa Bama.

Apolinaria: Samahanini, wazee. Tabora iko wapi hapa?

Bama alifungua mdomo. Akageuka upande wa kaskazini, kisha upande mwingine ambao nao aliwahi kuuita kaskazini. Redio aliinama. Mfaume aliinama. Mimi mwenye baraza niliinama. Tabora haikuwepo. Bukene haikuwepo. Reli yenyewe haikuwepo, na mtu anayechora nchi hii akasahau reli, huyo hajapata hata kulala Tabora usiku mmoja akaisikia.

Redio: Labda... labda iko chini ya jiko.

Mfaume akalitikisa dele lake la kahawa. Halikutoa mlio. Kahawa ilikuwa imekwisha toka tulipofika kwenye ngozi za majoka, sisi tulikuwa tunakunywa maneno. Akakunja kanzu, akalishika jiko kwa vitambaa, akalinyanyua ili aende zake. Na kweli, chini yake kulikuwa na maandishi, yamefifia kidogo kwa joto, lakini yanasomeka. Apolinaria ndiye aliyeyasoma.

Apolinaria: "Mchezo wa Zinduna. Kete moja. Wachezaji wanne: Shujaa, Mganga, Malkia, Mwizi. Rusha kete, tembea vyumba. Mwenye moja alale. Mwenye tatu apande Milima ya Radi." Halafu hilo la mwenye sita mnalijua. Halafu: "Wazee wa kahawa, tafadhali msifute. Sisi wanafunzi wa likizo tutarudi jioni kumalizia."

Hakuna aliyemtazama mwenzie. Wa kwanza kucheka alikuwa Mfaume. Alicheka mpaka akatua jiko chini tena, akakitoa kile kikombe mfukoni, akakirudisha kwa wenzake. Bama akapiga saluti kuelekea jiko. Redio akasema yeye toka mwanzo alijua, alitaka tu kutupima. Tukamzomea kwa furaha, na ile furaha haikuwa ya mchezo, ilikuwa ya nyumba zetu kubaki zilipo.

Wembe: Na Mwizi hapa ni nani?

Bama: Mfaume. Kaiba kikombe chake mwenyewe.

Apolinaria: Shemeji, twende basi. Wanakungoja.

Lakini miguu ya Masele ilikuwa imegoma. Alikuwa amesimama toka alfajiri. Akaangalia nyuma, hakuna kiti, akajiachia chini pale pale alipokuwa, kiti ni sakafu, akavuta pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameianza kule stesheni ya Bukene. Nikammalizia kidevu akiwa amekaa hivyo hivyo, naye akinieleza jinsi mama yake atakavyoshangilia Kulwa na Doto. Nikamfuta povu. Akainuka, akatushukuru mmoja mmoja, akashika njia ya hospitali karibu anakimbia, shemeji yake nyuma.

Tulimsindikiza kwa macho. Ndipo Redio akaona suruali ya Masele kwa nyuma. Duara zima jekundu, na vichwa vitatu vya nyoka wenye mabawa, mpaka mkia. Chini, pale sakafuni, pamebaki peupe.

Redio: Wembe, tumwite?

Wembe: Mwache aende. Mwenye sita hakuhamia popote. Bonde ndilo limemhamia yeye.