Picha ya Odessa Inashushwa Leo

Benchi letu liko Brooklyn, mkabala na makumbusho ya sanaa, na kigari cha kahawa cha Hosni kiko ubavuni. Kila asubuhi tuko wale wale: mimi, Dereva, aliyestaafu kuendesha treni za chini ya ardhi, na Wakili, aliyepiga chapa mahakamani miaka thelathini bila kumtetea hata paka. Wa nne wetu ni Odessa, mchoraji, lakini leo alikuwa ng'ambo, ndani ya makumbusho, akisaini karatasi za kuondoa picha yake. Mwezi uliopita walibandika jina la Haverkamp kwenye mlango wa ukumbi ilimotundikwa. Haverkamp ni mjumbe wa bodi, na utajiri wake umetokana na vidonge vya maumivu. Vidonge hivyo ndivyo vilivyomuua Curtis, mdogo wake Odessa.

— Amesubiri miaka arobaini kutundikwa mle, — Dereva alisema. — Mimi ningefumba macho.

— Angekuwa ndugu yako kwenye jeneza, ungefumba? — Wakili alimuuliza.

Dereva alikunywa kahawa kwanza.

— Ndugu yangu yuko Florida na simpendi. Ila wamtoe Haverkamp, siyo picha.

— Atolewe na nani? Bodi inakula mkononi mwake.

— Basi wachoraji wote watoe picha zao. Kuta zibaki nyeupe.

— Ndicho anachotaka, — Hosni alidakia huku akimimina maziwa. — Kuta zikiwa nyeupe, anageuza jengo kuwa duka la dawa. Mimi nitauza maji ya kumezea.

— Duka wapi, — Wakili alisema. — Yule anataka kuzikwa mle. Atalazwa katikati ya ukumbi, taa juu, wanafunzi wamzunguke na penseli zao.

— Kwa tiketi?

— Kwa tiketi, Hosni. Na wazee nusu bei.

Nilicheka, ingawa moyo uliniuma kwa ajili ya Odessa. Jana alikaa hapa saa nzima na kikombe kikapoa mkononi.

Gari la mizigo likasimama. Mama mmoja aliyevaa koti zito akateremsha kioo.

— Samahanini. Nimekuja kuchukua picha ya Odessa Pruitt. Ina ukubwa gani? Nataka kujua kama itaingia.

Wakili alimtazama Dereva. Mimi nilitazama kikombe changu.

— Kubwa, — Dereva alisema.

— Kubwa kiasi gani?

Hakuna aliyejua. Miezi minane picha ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ijumaa kuingia ni bure. Tulimpongeza Odessa hapa hapa benchini, tukamnunulia na keki, na hakuna hata mmoja wetu aliyevuka kwenda kuiona. Niliona aibu kweli.

Hosni akafunga kigari, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla ya mchana, tukavuka.

Wafanyakazi wawili wenye glavu walikuwa wameishika. Odessa alisimama kando, mikono nyuma, kwa sababu sheria yao haimruhusu kuigusa mpaka itoke mlangoni. Ilikuwa ndogo, kama sinia ya chai. Mwanamume mwenye sura ya Odessa amelala kwenye kochi, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

— Mmefuata nini huku? — Odessa aliuliza.

Dereva alivua kofia.

— Tumekuja kupima, dada. Kama itaingia kwenye gari.

Odessa alituangalia mmoja mmoja, kisha akawaomba wale wafanyakazi wairudishe ukutani kidogo.

— Haya, pimeni, — alisema. — Msiharakishe.