Tela Limepanda, Maji Yameshuka

Asubuhi ile nilifika na birika langu la kahawa nikakuta benchi limejaa, na hakuna anayecheka. Mbele yao limesimama tela la Tangi, tupu, ubavu mmoja umebonyea. Tangi ndiye anayepandisha maji zahanati ya mlimani, kule bomba lisikofika. Tela lake lilikuwa likikwaruza tumbo kila likivuka mtaro, basi yeye na fundi wa gereji wakahamisha ekseli, ule mhimili wa magurudumu: ilikuwa juu ya springi, wakaifunga chini yake. Tela likainuka shubiri nzima. Safari ya kwanza tu, alfajiri hiyo, likayumba kwenye kona, pipa kubwa likalala, maji yote yakaenda na barabara. Nilimmiminia kahawa. Hakuigusa.

— Kitu kirefu kinataka msingi, alianza Saruji, fundi uashi. Panga mawe chini ya pipa.

— Mawe? Tangi akauliza. Halafu maji niyabebe mgongoni?

— Dawa ni springi, akasema Kinyozi. Haba na haba hujaza kibaba. Ongeza mbili kila upande.

— Liruke kama panzi!

Huyo alikuwa Konda, mzee aliyemaliza ujana wake akining'inia mlangoni mwa basi.

— Mimi ningezing'oa zote, akaendelea. Ekseli unaichomelea moja kwa moja kwenye chesisi. Halina springi, litayumba na nini?

— Litakatika, mzee, akasema Kinyozi.

— Bora likatike likiwa limetulia. Mpanda ngazi hushuka, na hilo lenu limepanda bila ngazi.

Tulicheka kidogo, kile kicheko cha watu ambao hawajalala vizuri. Saruji hakukubali kushindwa.

— Basi tuachane na tela. Tushushe barabara.

— Barabara?

— Kila mtu na jembe lake. Tunachimba mpaka mtaro ulingane na njia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Sasa tunachimba, tunaziba, au tunajenga? akauliza Konda.

— Vyote.

Tangi alijipangusa uso kwa kiganja.

— Jamani, nimechoka. Likiwa chini linakwama, likiwa juu linaanguka. Mke wangu anasema nilirudishe lilivyokuwa. Fundi anasema nilipanue miguu, ekseli ndefu zaidi. Kila mtu ana lake. Mimi hata kichwa cha kufikiria sina.

Kinyozi alinyoosha kidole mlimani. Msichana wa sare nyeupe alikuwa akishuka mlima, dumu tupu kila mkono, viatu vimejaa vumbi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba Tangi, nesi mkuu kanituma. Kuna mama kajifungua sasa hivi, na hatuna hata maji ya kumwogesha mtoto.

Hakuna aliyetaja springi. Tangi aliinuka, akampokea dumu moja. Konda akachukua la pili, akilaani magoti yake. Walijaza kwenye bomba la nyuma ya kibanda cha Kinyozi. Saruji akatafuta ndoo, akakosa, akachukua sufuria langu la kuoshea vikombe. Nikamwachia.

Walipoanza kupanda, wakihema kabla hata ya kufika popote, yule binti akauliza kwa upole:

— Na maji ya jioni, baba?

Tangi alibadilisha dumu mkono. Konda akatazama juu mlimani. Wakaendelea kutembea.