Benedeta Nasirumbi, Aliyewasemea Wachuuzi wa Mpakani

Benedeta Nasirumbi alizaliwa Lunyo, wilaya ya Busia, Uganda, tarehe 14 Machi 1981, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Isaac Mangeni na Mama Justine, ambaye tuko naye hapa leo.

Alisoma shule ya msingi Lunyo na sekondari Tororo. Mwalimu mmoja aliandika katika ripoti yake, "Anauliza maswali mno." Mzee Mangeni aliibandika ripoti hiyo ukutani, wageni waisome.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Rasto Okanya, wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Nyumbani kwao hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza mwenzake akisema, na Rasto alizoea kulalamika kwamba chakula kinapoa.

Mwaka 2014 aliajiriwa na Pitisha Mizigo, kampuni ya teknolojia ya Tororo inayowaunganisha wachuuzi na wenye magari. Alianza kwa kupokea simu, na mwaka 2018 akawa mkuu wa huduma kwa wateja. Hata hivyo, wakurugenzi na mafundi walipanga mambo bila yeye. Aliitwa mambo yakiharibika, aombe radhi.

Mwaka 2022 wakubwa walitaka kuifunga laini ya simu, kila mteja atumie programu ya simu janja. Wasichana kumi na wawili aliowasimamia wangeachishwa kazi. Benedeta hakugombana na mtu. Kwa wiki sita aliandika sababu ya kila mteja kupiga simu. Aligundua kwamba wengi wao walikuwa wanawake wenye simu ndogo za vibonye, na kwamba hao ndio wateja ambao hawakuwahi kuihama kampuni. Akaingia kikaoni bila kualikwa.

"Dada Benedeta," mkurugenzi, Bwana Oboth, alimwambia, "hapa tunapanga mikakati. Mambo ya huduma baadaye."

"Bwana Oboth, hao mnaowapangia huongea na mimi kila siku. Kesho twende sokoni Busia, ukawasikilize mwenyewe."

Walikwenda. Sokoni, Mama Babra, muuza dagaa, alimwonyesha Bwana Oboth simu yake. "Mimi natumia hii tu. Mukifunga namba, nakwenda kwa wale wengine, na wenzangu wote nakwenda nao."

Laini haikufungwa. Mwaka uliofuata Benedeta aliingia katika uongozi wa juu, na tangu hapo hakuna mpango uliopitishwa kabla waliouandaa hawajapokea simu za wateja siku nzima. Bwana Oboth ametuambia, "Nafasi ile sikumpa mimi. Aliipata kwa kujua tusichokijua."

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Tororo, kisha Kampala. Akiwa kitandani alimwambia binti yake, "Sandra, yule mama anayefagia wodi anajua wagonjwa wanateseka wapi. Waambie madaktari wamuulize." Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, Rasto akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake, mumewe, watoto wake Sandra na Levis, kaka yake Edwin anayewasomea haya, na wachuuzi wengi walioacha biashara zao leo kuja kumsindikiza.

Mama Justine ameomba tusiseme mengi kaburini. Ameomba tumwambie hivi tu: Benedeta, mwanangu, kazi umefanya. Sasa lala kwa amani.