Mama Hamira na Vitambaa vya Mahameli

Mumewe alimwona marehemu kwa mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 4 Machi 1991, saa mbili na nusu asubuhi, kwenye mlango wa chumba cha kuoshea vyombo vya maabara. Marehemu alikuwa amevaa koti jeupe lenye mfuko uliochanika, amebeba sahani ndogo za plastiki zilizopangwa mpaka kidevuni. Mume huyo, anayewasomea haya, alikuwa anaanza kazi ya kuosha vyombo siku hiyo, na hata salamu ilimshinda. "Kaka," marehemu akamwambia, "kama umemeza ulimi, basi nifungulie mlango kwa mkono."

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1961, mtoto wa pili wa mwoka mikate na mshona nguo. Akiwa na miaka sita alificha donge la unga wenye hamira chini ya kitanda ili aone litaishia wapi. Liliishia ndani ya viatu vya baba yake. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, na mwaka 1985 akahitimu chuo kikuu, shahada ya biolojia.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti, akafanya kazi hapo miaka thelathini na mitano. Majirani walipomuuliza anafanya nini na hamira kutwa nzima, alijibu, "Naiondolea kitu kimoja, halafu natazama inashindwa nini. Hapo najua kile kitu kilikuwa na kazi gani." Siku moja alirudi kutoka safari ya wiki nzima akakuta nyumba haina chumvi wala soksi safi. Akasema utafiti umekamilika.

Hamira zake alizihifadhi kwenye friza ya baridi kali, vichupa 3,116, kila kimoja na lebo ya mwandiko wake. Mtafiti yeyote aliyeomba alitumiwa tone lililokaushwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha ya kawaida. Ndiyo maana wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Hamira tu.

Sasa habari ya mahameli. Marehemu alikuwa akibandika sahani yenye nukta za hamira iliyoota juu ya kitambaa cha mahameli, kisha anabandika sahani mpya juu ya kitambaa hicho hicho, kama mtu anayegonga muhuri. Vinyweleo vya mahameli hubeba nukta zote na kuzipanda upya kila moja mahali pake. Mwezi ule wa Machi 1991 nukta zikaanza kupotea. Lawama zote zikamwangukia mzee aliyepika chakula cha kuoteshea hamira. Alipika upya mara tatu, na mara zote nukta zilipotea. Wiki ya tatu mkuu wa maabara akasema Ijumaa mzee huyo aondoke.

Alhamisi mchana mwosha vyombo alimfuata marehemu.

"Dada, samahani. Vile vitambaa nilivipiga pasi."

"Ulivipiga nini?"

"Pasi. Vilikuwa vimesimama simama, nikaona havijatulia. Vimelala vizuri sasa."

Marehemu alicheka mpaka akakalia ndoo. "Jamani! Wiki tatu tunamtesa mzee wa watu, kumbe kuna dobi humu ndani!" Kisha akamshika mkono mpaka kwa mkuu, na hakuna aliyefukuzwa. Tangu hapo kila Alhamisi wawili hao waliketi kusimamisha vinyweleo vya mahameli kwa mswaki, na maongezi hayakuisha.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1992. Dada wa marehemu, ambaye yuko hapa na ameruhusu lisemwe, alimuuliza, "Msomi mzima, na mtu wa darasa la saba?" Marehemu akajibu, "Dada, niletee msomi mmoja anayesema 'nimekosea mimi' kabla hajaulizwa, nitamfikiria." Shemeji leo ndiye rafiki mkubwa wa dobi.

Figo za marehemu zilianza kusumbua mwaka 2021. Alitibiwa kwa uvumilivu, huku akiwafundisha wauguzi kuandika lebo zisizofutika. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na vichupa 3,116 ambavyo binti yake wa kwanza, mtafiti kama mama yake, amevikagua wiki hii na kukuta hamira zote zingali hai. Mungu ampe pumziko jema, yeye aliyechosha mikono yake kwa furaha.

Jumatatu jioni, siku moja kabla hajaondoka, alitaka kusikia wasifu wake. Mumewe, ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu, alikuwa ameuandika ili shemeji ausome. Alimsomea kurasa mbili.

"Mbona mahameli haimo?" akauliza.

"Nimeiacha. Watu watacheka."

Akafumba macho, akatabasamu. Maneno yake ya mwisho kwa mumewe yalikuwa haya:

"Waache wacheke. Simama usome mwenyewe, baba watoto, na usinipige pasi."