Majani Yalipojikunja Igowole

Nimewekewa maji hapa mezani, na nimewaona mkitazamana nilipoyanusa. Msinune. Mimi ni mtu wa kunusa na kuuliza tangu utoto. Mama alikuwa akisema, "We mtoto, hata ugali utauuliza umetoka wapi." Kamwene, akina mama wa Ilomba, hasa mliotoka kwetu Iringa.

Kabla sijahamia Mbeya, nilikuwa kibarua kwenye kitalu cha miche ya parachichi kule Igowole. Kila asubuhi nilitangulia kufika, natia kidole kwenye udongo, nageuza majani. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kujua kwa nini mche huu unakua na ule umedumaa.

Msimu mmoja miche ikaanza kujikunja majani na kufa. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipojua kumbe watu walikuwa wananitazama. "Huyu anafanya nini huku kabla hatujafika?" "Lisemwalo lipo." Chai nikiimimina mimi, hainywi mtu. Mwenye kitalu akaniambia nikae nyumbani kwanza. Sasa mji mdogo kama ule, ukishaitwa mchawi wa miche, nani atakupa kazi tena? Nililia. Halafu na mimi nikaanza kuwashuku wao, hata wale waliokuja kunipa pole.

Lakini maswali hayakuniacha. Mbona iliyokufa ni ile iliyopuliziwa mbolea ya majani, na ya pembeni, ambayo haikupuliziwa, imesalimika? Na mnajua mambo ya kwetu: bomba la kupulizia halina mwenyewe. Jirani analiazima, anapulizia dawa ya magugu shambani kwake, analisuuza juu juu, anarudisha na asante. Nani atamnyima jirani?

Mpishi wa kitaluni, ambaye peke yake alikuwa bado anakunywa chai yangu, akaniletea lile bomba. Nikalinusa. Harufu ilikuwepo, ila harufu watu wataibishia. Basi nikaotesha maharage kwenye makopo nyuma ya nyumba yake. Mengine nikayapulizia maji ya kisima kwa bomba lile, mengine nikayamwagia maji yale yale kwa kikombe. Ya bomba yakajikunja kama miche.

Nikayabeba yote mpaka kwa mwenye kitalu, vibarua wote wakiona. Aliyageuza makopo moja moja, kisha akasema, "Mama, rudi kazini. Na hiyo miche uikague wewe." Ukaguzi huo ndio ulionifikisha Mbeya, na leo nasimamia kitalu kizima. Bomba langu haliazimwi, mninunie msininunie.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mzee mwenye kitalu aliyekubali kutazama makopo. Mwenye maswali mengi kazini kwenu msimkimbilie kumpa jina baya. Kaeni naye, mumwulize anatafuta nini.

Na yule mpishi yupo hapa, amekuja kunitembelea. Maji haya ameniwekea yeye. Nimeyanusa hata hivyo, na mtazameni, anacheka tu.