Mgeni wa Kwanza wa Jaji Ignat

Mheshimiwa Naibu Waziri wa Sheria, uliyetoka mji mkuu, Sofia, na theluji hii yote, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Bwana Meya, majaji wenzangu, mawakili mnaoshinda na mnaoshindwa, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Rada, mzazi wa Jaji Ignat, uliyekataa kuketi mpaka ulipohakikishiwa kwamba kiti chako hakipigwi na upepo: nawasalimu nyote.

Mimi, Presiana Dobreva, kiongozi wa Mahakama ya Utawala ya Vrelovo, nimepewa heshima ya kumuaga Jaji Ignat Popgeorgiev, anayestaafu leo. Ameniomba nisimsifu. Nimelisikiliza ombi hilo kwa makini, nikaona halina msingi wowote wa kisheria, nikalitupa.

Ndugu zangu, tunaambiwa kila siku kwamba mahakama isijiingize katika siasa. Sawa kabisa. Lakini mwananchi anapoishitaki halmashauri, siasa imeingia mahakamani kwa miguu ya nani? Sisi hatuifuati. Inatujia yenyewe, imevaa koti zuri, inapiga hodi. Wala haiji na bunduki; ingekuja na bunduki tungeikimbia. Inakuja na keki, na pole ya mafua, na salamu za rafiki uliyesoma naye.

Mnaikumbuka kesi ya chemchemi? Halmashauri ya wakati ule iliikabidhi chemchemi yetu ya maji ya moto kwa kampuni ya marafiki wa wakubwa. Mabomba ya umma yafungwe, hoteli ijengwe. Maji ambayo wazee wetu wamekandia magoti tangu enzi za mababu! Bibi Stoyna Kalcheva, fundi cherehani, akawakusanya majirani, wakafungua kesi. Jalada likamwangukia Ignat. Na wakati huohuo jina la Ignat lilikuwa linatajwa Sofia, kwa kiti cha Mahakama ya Juu. Mnauona mtego? Wananchi wakibaki na maji, kiti kinakwenda. Jaji akipata kiti, maji yanakwenda.

Shauri lilipangwa kusikilizwa siku mbili baada ya Ignazhden, sikukuu ya Mtakatifu Ignat, yaani siku ya jina lake. Na siku ya jina, hualiki mtu, na aliyekuja humfukuzi. Tena Ignazhden ndiyo siku ambayo mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti huiletea nyumba bahati ya mwaka mzima. Mkuu wa mkoa wa enzi hizo, Bwana Valchan Karadzhov (si huyu wetu, tulia Mheshimiwa), akaazimia kuwa mgeni huyo. Akadamka na boksi lake la keki. Langoni akamkuta nani? Bibi Stoyna, na dumu la maji ya chemchemi.

“Bibi, sogea kidogo. Mimi ni mkuu wa mkoa.”

“Huko mkoani, ndiyo. Hapa langoni wewe mgeni tu, kama mimi. Na mimi nimetangulia, miguu imeshaganda.”

Mlango ulipofunguliwa, mheshimiwa akamtangulia kwa bega. Hakujua alikuwa anajipeleka mwenyewe mikononi mwa Mama Rada. Maana mila ni mila: mgeni wa kwanza anachochea moto, anatoa baraka, kisha anaketi na kutulia. Akiinuka mapema, kuku nao watayaacha mayai yao mwaka mzima.

Akachochea moto, akabariki. Kisha akasema, “Ignat, ndugu yangu, twende chumba cha pili. Nina neno dogo.” Akaanza kuinuka.

“Keti wewe!” Mama Rada akafoka. “Unataka kuku wangu waatamie mawe?”

“Mama, dakika moja tu.”

“Mwaka jana alikuja mmoja asiyetulia kama wewe, nikaishia kununua mayai dukani kama mtu wa ghorofani. Nimesema keti!”

Akaketi. Nyumba ikajaa: majirani, padri, mimi mwenyewe, mawakili wa pande zote mbili, kila mtu na sahani yake ya maharage na kabichi. Mkuu wa mkoa katikati yetu, juu ya kigoda, magoti yanakaribia kidevu. Ana neno la siri, na hana pa kulisemea. Akavumilia, akavumilia, likamshinda.

“Ignat,” akasema, kwa mnong'ono uliofika hadi jikoni, “Sofia wanamtaka mtu anayeielewa serikali. Na kesi ya keshokutwa wanaiangalia.”

Ignat akamjazia kiglasi cha rakia. “Nimekusikia, Valchan. Na wengine nitawaambia.” Tulidhani anatania.

Keshokutwa yake, kabla wakili yeyote hajafungua mdomo, jaji akasema: “Iandikwe. Siku ya jina langu walikuja nyumbani kwangu mlalamikaji, Bibi Stoyna, na Mkuu wa Mkoa. Bibi alileta maji, tukapikia chai. Mheshimiwa alileta keki na maneno yafuatayo.” Akayasoma, neno kwa neno, ukumbi mzima ukisikia. “Anayeona siwezi kuamua kwa haki, anikatae sasa.” Wakili wa kampuni alipekua makaratasi yake mpaka nikamwonea huruma. Nani angesimama, na angesema nini?

Uamuzi wa halmashauri ukabatilishwa! Wakakata rufaa Sofia, na Sofia nako wakashindwa! Watu wa mji huu walishikana mikono, wakacheza horo kuizunguka chemchemi, theluji inayeyuka miguuni mwao, Bibi Stoyna mbele akipunga kitambaa. Nililia siku ile, wala sioni haya kusema. Mabomba yanatiririka hadi leo.

Kiti cha Sofia alipewa mwingine. Nilimuuliza Ignat kama inamuuma.

“Inaniuma sana,” akanijibu. “Nilikitaka kiti kile. Keki nayo ilikuwa tamu. Na mama yangu anakandwa magoti kwa maji yaleyale. Kila kitu kilinivuta, Presiana, huku na huku. Ndiyo maana niliviweka vyote mezani, watu wavione, kisha nikafungua sheria.”

Majaji vijana, msijidanganye kwamba hamvutwi. Asemaye havutwi ndiye ameshavutwa.

Nimalizie na jambo ambalo sikuliandika katika hotuba hii. Leo hii, pale tulipokuwa tunatundika makoti, mgeni mmoja alinishika kiwiko, akaninong'oneza: “Dada Presiana, ile kesi ya Jumatatu, ya shule, tusiikuze.” Ndugu yangu, nakuona, uko safu ya pili. Leo ni sherehe ya Ignat, sitakutaja. Jumatatu asubuhi nitakutaja kwa jina na cheo, mbele ya pande zote mbili, na maneno yako yataandikwa kabla ya maneno ya wakili yeyote.

Ignat, kaka yangu, nenda kapumzike. Nanyi nyote, kwa kunipa masikio yenu, asanteni sana.